Kiatu Kikae Wapi Juu ya Ubao wa Theluji

 

Jioni ya leo nataka tuzungumze juu ya tundu la skrubu, na hasa juu ya dakika ile kabla tundu halijatobolewa. Mama mmoja wa Kinyanambo, hapa Mafinga, ameniletea swali la mwanawe anayesomea misitu nchini Norway. Kijana amenunua skii, zile mbao mbili ndefu za kutelezea kwenye theluji, na amechagua zile pana zinazotumika kwenye theluji ya unga, yaani theluji mpya, laini, ambayo haijashindiliwa na mtu wala mashine. Dukani fundi akashika drili akamuuliza: vifungio vya kiatu nivifunge wapi? Kwenye mstari wa kiwanda, mbele yake, au nyuma yake? Kijana akaomba siku mbili za kufikiri. Alifanya vizuri sana kuziomba. Jibu langu nalitoa hapa hadharani, kwa sababu naamini linamhusu kila fundi wa mji huu anayeishi kwa kukata, kutoboa na kuunga mbao.

Huenda unajiuliza Mafinga na theluji wapi na wapi. Baridi ya Juni na Julai tunaijua vizuri, theluji hatuna. Lakini watu wa theluji tumekuwa nao siku nyingi. Kiwanda cha mbao cha Sao Hill kimewahi kuwa mikononi mwa Green Resources, kampuni ya Norway. Wafini ndio waliofadhili Panda Miti Kibiashara, mradi ulioanza mwaka 2014 huku kwetu Nyanda za Juu Kusini. Mafunzo ya misitu ya Morogoro, ambako leo kuna Chuo Kikuu cha Kilimo cha Sokoine, yalipata msaada wa Norway tangu miaka ya 1970. Kwa hiyo watoto wetu wanakwenda huko kusoma, na wakifika wanakuta watoto wadogo kabisa wanateleza mlimani kana kwamba wamezaliwa na mbao miguuni. Mimi sipendi kijana aliyekulia katikati ya misindano ya Sao Hill, anayeujua mti tangu mche kitaluni hadi mbao kwenye lori, asimame mbele ya ubao asijue la kuuliza.

Tuuangalie basi huo ubao. Ndani ya skii ya leo kuna moyo wa mti, mara nyingi vipande vyembamba vya mti mwepesi kama popla au paulonia, wakati mwingine vikichanganywa na mbao ngumu zaidi. Vipande hivyo vimeunganishwa kwa gundi, vikafunikwa juu na chini kwa faibaglasi, na kingo za chini zikavishwa chuma. Baadhi huongezewa bati jembamba ndani. Urefu wake kwa mtu mzima hucheza kati ya sentimita 160 na 190. Upana wake chini ya kiatu ndio unaotofautisha kazi: skii ya kuteremkia njia iliyoshindiliwa huwa na milimita 70 hadi 90, na ya theluji ya unga huvuka 110.

Kiatu chake ni kigumu, hakikunjiki, na ubavuni mwa soli kina alama ndogo inayoonyesha katikati ya soli. Ubao nao umechorwa mstari. Fundi akikutanisha alama na mstari, basi mguu umekaa pale mbunifu wa ubao alipotaka ukae. Jambo ambalo wengi hawalijui ni kwamba mstari huo kwa kawaida hauko katikati ya urefu wa ubao. Uko nyuma ya katikati. Katika skii za mtindo wa zamani uko nyuma kwa sentimita 10 hadi 12. Katika nyingi za leo za milimani ni sentimita 5 hadi 8, na zile za vijana wanaoruka hewani na kuteleza kinyumenyume mstari unakaribia kabisa katikati. Kwa hiyo mtu akikuambia "mimi nimefunga kwenye mstari," hajakuambia kitu mpaka aseme ni mstari wa ubao gani. Ukitaka kulinganisha mbao mbili, pima kwa futi kamba kutoka mkiani hadi kwenye mstari, kisha linganisha na nusu ya urefu wa ubao.

Sasa kwa nini sentimita 1 au 2 zigombaniwe hivyo? Theluji mpya ni nyepesi mno. Mita moja ya ujazo ya theluji ya unga inaweza kuwa na uzito wa kilo 50 hadi 100 tu, wakati maji ya ujazo huo huo yana kilo 1,000. Mtu wa kilo 80 akisimama juu yake kwa viatu vya kawaida, uzito wake wote unabebwa na eneo la sentimita za mraba kama 400, maana yake gramu 200 kwa kila sentimita ya mraba. Atadidimia hadi mapajani. Mvishe skii mbili za urefu wa sentimita 180 na upana wa 11: eneo linakaribia sentimita za mraba 4,000, na mzigo unashuka hadi gramu 20. Hesabu hii anaweza kuifanya mtoto wa darasa la sita.

Lakini eneo peke yake halitoshi. Skii haielei imesimama, inaelea ikiwa mwendoni, na ili ielee pua yake lazima ipande juu ya theluji badala ya kuchimba ndani. Hapo ndipo mahali pa kiatu panapoamua mambo. Kiatu kikisogea mbele, sehemu ya ubao iliyo mbele ya mguu inafupika na uzito unaielemea pua. Pua ikizama mtu akiwa kwenye kasi, anatangulia kwa kichwa. Kiatu kikirudi nyuma, pua inainuka yenyewe bila mtu kujitahidi, ila sasa ubao mrefu ulio mbele unachelewa kutii, kugeuka kunakuwa kwa nguvu, na ukifika kwenye theluji ngumu pua haing'ati vizuri. Mtu anajikuta amekaa nyuma siku nzima, na mapaja yanawaka.

Msukuma mkokoteni wa pale sokoni kwetu analijua jambo hili mwilini mwake. Akipanga mbao za futi 12 zikaelemea nyuma ya ekseli, mikono ya mkokoteni inanyanyuka na yeye anataka kunyanyuka nayo. Akizielemeza mbele, anabeba yeye badala ya magurudumu. Hivyo anasogeza mzigo kidogo kidogo mpaka mikono itulie viganjani. Yeye ana bahati ya kusogeza mzigo kila safari. Mwenye skii anasogeza mara moja, kisha skrubu zinaingia.

Watu wamelihangaikia swali hili la mguu na ubao tangu zamani. Katikati ya karne ya 19, huko Morgedal katika jimbo la Telemark, Norway, kulikuwa na mtu maskini aliyeitwa Sondre Norheim. Wakati huo mguu ulishikwa na ukanda mmoja tu wa mbele ya kiatu, na mtu akiruka au kugeuka ubao unamponyoka. Norheim alisokota mizizi na vijiti laini akavizungushia kisigino, ubao ukatii mguu. Zaidi ya hapo alichonga skii fupi zaidi, nyembamba kiunoni kuliko puani na mkiani. Mwaka 1888 Fridtjof Nansen na wenzake wakaivuka Greenland kwa skii, na kitabu chake kuhusu safari hiyo kikawatia hamu Wajerumani na Waaustria.

Na hamu hiyo ikafika kwetu. Hii ni habari ambayo ningependa kila mtoto wa shule wa Tanzania aisome. Hans Meyer na Ludwig Purtscheller walifika Kibo, kilele cha Kilimanjaro, mwaka 1889. Miaka 23 baadaye, mwaka 1912, Wajerumani wawili, Walter Furtwängler na Siegfried König, walifika kileleni na wakateremka juu ya barafu na theluji ya Kibo kwa skii. Naam, skii, katika nchi hii, zaidi ya karne moja iliyopita. Mwaka huo huo Fritz Klute na Eduard Oehler walikuwa mlimani wakipima, na ramani iliyotokana na kazi hiyo ndiyo wanasayansi wanayoanzia mpaka leo wakitaka kujua barafu ya Kilimanjaro imepungua kiasi gani. Zaidi ya robo tatu ya barafu ile haipo tena. Mahali pengi palipokuwa barafu siku zile leo ni mawe na majivu ya volkano. Nalisema hili kwa uchungu, kwa sababu sisi tunaopanda miti tunajua maana ya kitu kilichochukua miaka kujengeka kikaondoka mbele ya macho yetu.

Basi turudi kwenye kiatu na ubao. Anayepanda mlima au kutembea na skii ana shida tofauti na anayeteremka tu. Yeye hunyanyua mguu maelfu ya mara, kisigino kikiwa huru, na kila hatua ubao unaning'inia kwenye ncha ya kiatu. Pua ikiwa nzito, itachomekwa kwenye theluji kila hatua. Ndiyo maana katika skii za kutembea kanuni ni moja na ni rahisi: fundi anaulaza ubao juu ya ukingo mwembamba, anausogeza mpaka utulie sawa bila kuinama mbele wala nyuma, anaweka alama, na hapo ndipo pini ya kifungio inapokaa.

Skii za namna hiyo ndizo alizovaa Philip Boit. Boit alikuwa mkimbiaji kutoka upande wa Eldoret, Kenya, akapelekwa Finland mwaka 1996 kujifunza kitu ambacho hakuwahi kukiona. Februari 1998, huko Nagano, Japani, alishindana katika Olimpiki ya majira ya baridi, kilomita 10, akamaliza wa 92, wa mwisho, kama dakika 20 nyuma ya mshindi. Mshindi alikuwa Bjørn Dæhlie wa Norway, na Dæhlie hakuondoka kwenda kuvalishwa medali. Alimsubiri Boit pale kwenye mstari wa mwisho akamkumbatia. Boit akamwita mwanawe Dæhlie. Alirudi tena Olimpiki mwaka 2002 Salt Lake City na mwaka 2006 Torino. Mwaka 2018 huko Pyeongchang akafuata binti mzaliwa wa Kilifi aliyelelewa Austria, Sabrina Simader, mwanamke wa kwanza wa Kenya katika Olimpiki ya baridi, yeye akiteremka milima mikali na kisigino kimefungwa kabisa.

Turudi kwa kijana wetu, ambaye skii zake ni za unga. Mbao hizi zina historia fupi. Mwishoni mwa miaka ya 1980 Rupert Huber, wa kampuni ya Atomic ya Austria, alitengeneza skii pana kuliko zote zilizokuwa sokoni. Wajuzi wa wakati huo walizidharau, wakiziona za wazee na wageni, mpaka walipojaribu wenyewe. Kisha akaja Shane McConkey, mtelezaji mashuhuri wa Marekani. Yeye aliona kwamba theluji nene ina tabia ya maji zaidi kuliko ya barafu. Akachukua skii za kuteleza majini, akazifungia vifungio vya theluji, akateremka nazo milima ya Alaska. Mwaka 2002 kampuni ya Volant ikatoa skii yake iliyoitwa Spatula. Badala ya upinde wa kawaida unaoinua katikati ya ubao, hii iliinuka puani na mkiani, na ilikuwa pana kiunoni kuliko kwenye ncha. McConkey alifariki mwaka 2009 milimani Italia, lakini pua ile iliyoinuka imeingia karibu katika kila skii ya unga inayouzwa leo.

Hapa ndipo ninapotaka kijana anisikilize vizuri. Ushauri atakaoupata kwa watu wengi ni kwamba kwenye theluji ya unga arudishe kiatu nyuma sentimita 2 au zaidi. Ushauri huo ulikuwa wa haki kabisa enzi za skii nyembamba zilizonyooka, ambazo pua yake ilihitaji kusaidiwa isizame. Lakini pua ya skii ya leo imeinuliwa kiwandani. Kazi uliyokuwa ukiifanya kwa kurudi nyuma, ubao unaifanya wenyewe, na mbunifu alipochora mstari alishalihesabu hilo. Ukirudi tena nyuma, unalipa gharama ya kugeuka kwa shida bila kupata faida yoyote ya kuelea. Ubao umebadilika, maneno ya watu hayajabadilika. Hata huku kwetu nimeona mashine mpya ikiendeshwa kwa kanuni za mashine ya zamani, na mbao zikaharibika.

Kusogea kuna sababu zake za kweli, sizikatai. Mtu mrefu mwenye mwili mkubwa, anayekwenda moja kwa moja kwa kasi kwenye theluji nene, anaweza kurudi sentimita 1 akafurahi. Anayeteleza katikati ya miti, na Norway miti ipo, anahitaji kugeuka haraka, na sentimita 1 mbele humpa wepesi huo.

Kuna jambo jingine ambalo wauzaji hulisahau, nalo ni ukubwa wa mguu. Mstari wa kiwanda unahesabu katikati ya soli, lakini mtu hasukumi ubao kwa katikati ya soli. Anasukuma kwa ile sehemu pana nyuma ya vidole, ambayo iko takriban asilimia 70 ya urefu wa mguu ukipima kutoka kisiginoni. Kwenye soli ya milimita 330 sehemu hiyo iko mbele ya katikati kwa karibu sentimita 6.6. Kwenye soli ya milimita 270 ni 5.4. Maana yake mwenye mguu mdogo, akifungwa kwenye mstari ule ule, anasukuma ubao kutoka nyuma zaidi kwa sentimita 1.2. Dada zetu wengi na vijana wembamba hulalamika kwamba skii haiwasikii, wakaambiwa hawana nguvu. Wasogezwe mbele sentimita 1 kwanza, ndipo tuzungumze habari ya nguvu.

Sasa kutoboa kwenyewe. Fundi mzuri hutumia kiolezo cha chuma kinachobana ubao pande zote mbili, ili matundu yasipotoke. Kwa ubao wenye moyo wa mti bila bati, keekee huwa ya milimita 3.6. Kama kuna bati ndani ni 4.1, kwa sababu skrubu haiwezi kulipanua bati kama inavyoupanua mti. Kina ni milimita 9, na keekee yenyewe ina kizuizi isipite hapo, maana ubao huu ni mwembamba na tundu likitokea chini umeuharibu. Gundi huwekwa kabla ya skrubu, kuzuia maji yasiingie kwenye moyo wa mti. Fundi wa Mafinga hahitaji kuelezwa maji hufanya nini yakishaingia.

Na ukikosea? Tundu la zamani huzibwa kwa kijiti na gundi, lakini tundu jipya lisikae karibu nalo chini ya sentimita 1, ama sivyo skrubu itang'oka siku mtu amebeba uzito wake wote. Fikiria ugumu uliopo: ukitaka kusogeza nusu sentimita tu, huwezi kwa kutoboa upya, kwa sababu tundu jipya litaingia kwenye la zamani. Kijana anayenunua skii zilizotumika aangalie kwanza matundu yaliyozibwa, ayahesabu, aone kama bado kuna mahali salama pa kutoboa. Zikishafungwa mara tatu, azirudishe kwa aliyemuuzia.

Kuna pia suala la usalama ambalo halina mjadala. Kifungio kina springi inayoachia kiatu mtu anapoanguka, ili ubao usimvunje mguu. Nguvu ya springi hiyo hupangwa kwa uzito, urefu, umri, ujuzi na urefu wa soli. Mahali pa kufunga anaweza kuchagua mwenyewe, lakini springi aipange fundi aliyefundishwa, na kijana aseme ukweli kwamba ni mwanafunzi.

Mama wa Kinyanambo, mpelekee kijana maneno haya. Maduka mengi ya milimani hukodisha skii zenye vifungio vya reli, vinavyosogezwa mbele na nyuma bila kutoboa. Akodi za aina ile ile aliyonunua, kwa siku moja. Ateleze kwenye mstari, kisha sentimita 1 nyuma, kisha sentimita 1 mbele, theluji ile ile, mteremko ule ule, aandike alichokisikia miguuni. Akikosa mahali pa kukodi, au akishindwa kuona tofauti, amwambie fundi atoboe kwenye mstari wa kiwanda.